Kodi Machoni pa Mtoto: Uhakiki wa Mifano ya Serikali Katika Nchi ya Waha

Maandishi ya siasa yana vipimo vingi, na kilicho kigumu kuliko vyote ni mtoto mdogo. Mtu mzima huweza kuridhika na neno kubwa asilolielewa, kwa kuwa huona haya kuuliza. Mtoto hana haya hiyo. Akiambiwa kwamba baba ametoa kodi, huuliza kodi ni nini. Akiambiwa ni fedha ya serikali, huuliza serikali ni nani. Na akiambiwa serikali ni sisi sote, huuliza mbona basi baba hakuulizwa. Kila swali lahitaji jibu lake, na waandishi wa Kiswahili, wengine kwa kukusudia na wengine bila kukusudia, wamekwisha kuyajibu kwa mifano ya namna mbalimbali. Madhumuni ya makala haya ni kuipima baadhi ya mifano hiyo, na kuipima kutoka mahali pamoja: nyanda za juu za Kigoma, katika Kasulu na Kibondo.

Mahali hapo pana sababu zake. Kwanza, hiyo ni nchi ya Waha, nchi ya vilima mpakani mwa Burundi, ambako mtoto hulelewa kwa Kiha, kisha hukutana na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Kwa hiyo neno kodi halimjii pamoja na nyimbo za kulala. Humjia pamoja na karani. Pili, Waha walikuwa na tawala zao wenyewe kabla ya wageni: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu katika Kibondo ya zamani, na nyinginezo, kila moja na Mwami wake na watwale chini yake. Habari ya mtu kutoa na mtu kupokea haikuletwa na Mzungu. Tatu, kodi ya kikoloni iliwatoa watu wa huko nyumbani mwao kwa wingi. Basi mfano wowote wa kodi ukiweza kusimama mbele ya mtoto wa Kasulu, utaweza kusimama popote.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa maana neno ni mfano uliokwisha kuzoeleka hata hauonekani tena. Siasa, katika matumizi ya zamani, ni upole na utaratibu. Mtu huambiwa aseme na mwenziwe kwa siasa, yaani asimparamie. Hilo lingekuwa neno jema la kumwanzia mtoto, lau lingebaki na sura yake. Ushuru umetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Hapo mna hesabu ambayo mtoto huweza kuifanya kwa vidole vyake. Kodi ni neno gumu zaidi, kwa sababu lina maana mbili zilizolala kitanda kimoja: fedha ya serikali, na malipo ya mpangaji. Utawala wa Wajerumani ulipotoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, mtu aliyejenga kibanda chake kwa miti na nyasi alizozikata mwenyewe alitakiwa akilipie; na Kiswahili kikamwita mlipaji wa kodi ya nyumba, kama kimwitavyo mpangaji. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1922, wakaishika ile ya nyumba na kuweka na ya kichwa. Mtoto asikiaye kwamba nyumba ya baba yake inalipiwa kodi, na kichwa cha baba yake nacho kinalipiwa kodi, atapata wapi fahamu ya kuwa baba huyo ni mwenyewe nchini, wala si mpangaji?

Neno la nne ni hongo, nalo lina kisa katika nchi hiyo hiyo. Zamani za misafara, hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ya njia, aliyotozwa mgeni na mwenye nchi kabla ya kupita. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, amesimulia jinsi alivyopita Buha mwezi wa Novemba 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Alitozwa hongo ya nguo nyingi, akatozwa tena mbele, kisha akapata habari kwamba wakubwa wengine wanamngoja njiani nao wapate yao. Akamwajiri kiongozi, akaamsha msafara usiku, wakapenya porini kimya kimya mpaka wakaiacha nchi. Katika masimulizi yake watwale wa Buha ni wanyang'anyi, na yeye ni mwungwana aliyejiokoa. Lakini kisa hicho kikigeuzwa na kutazamwa kutoka upande wa kilima, mgeni yule ni mkwepaji wa kodi aliyepita usiku. Miaka 26 baada yake, dola ya Ulaya ikatoa amri yake ya kodi kwa nchi nzima, na safari hiyo aliyepita porini usiku hakuitwa mwungwana. Mtoto akisomewa visa hivi viwili kwa pamoja, atajifunza jambo ambalo vitabu vingi vya uraia havikulisema: kwamba tofauti ya kodi na unyang'anyi, mara nyingi, huandikwa na yule mwenye kalamu.

Lakini mtoto wa Kasulu wa siku za Waingereza hakuhitaji kitabu ili aijue kodi. Aliijua kwa nafasi tupu mekoni. Buha ilikuwa mbali na masoko makubwa, na fedha ya kodi haikuwa rahisi kupatikana pale pale. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, nayo ikawa njia ya watu kuifuata fedha kule iliko. Wanaume wakashuka kwenda katika mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba cha kuandika wafanyakazi, SILABU, kilikuwa kikiwachukua watu kutoka mikoa ya mbali, na Waha walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Siku za kazi zilihesabiwa katika kipande, siku 30 kwa kila kipande. Hiyo ndiyo iliyokuwa tafsiri ya kwanza ya siasa kwa mtoto wa kilimani: serikali ni kitu kinachomfanya baba asiwepo. Mwandishi yeyote atakaye kumweleza mtoto wa huko habari za kodi hawezi kuuruka ukurasa huu. Akiuruka, bibi yake mtoto atausoma kwa sauti.

Baada ya uhuru, mfano ulio mashuhuri kuliko yote wa kodi umo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika sehemu inayokanusha kwamba fedha ni msingi wa maendeleo, Azimio linamfananisha mtu anayeitaka serikali itumie zaidi bila ya kodi kuongezwa na mtu atakaye maziwa zaidi kwa ng'ombe asiyetaka akamuliwe tena. Kwa ufundi wa maelezo, mfano huu hauna kasoro ndogo. Ni mfupi; unamtoa msikilizaji ofisini na kumpeleka zizini; mtoto wa miaka sita huuelewa kabla haujamalizika. Tena una uaminifu, kwa kuwa hausemi kwamba maziwa hayana mwisho: maneno yanayouzunguka yanakiri kwamba wananchi ni maskini na kwamba kodi haiwezi kukamuliwa bila kikomo. Ni nadra serikali kutumia mfano wa kodi kwa kujizuia yenyewe.

Hata hivyo mfano hufuata watu uendako, na ng'ombe wa Azimio akifika Kasulu huingia katika zizi lenye historia. Katika Buha ya zamani palikuwa na desturi ya ubugabire, ambayo kwayo mwenye ng'ombe, mara nyingi Mtusi, alimkabidhi mtu ng'ombe wake. Yule mtu akatunza, akapata maziwa na samadi, naye akawa na wajibu wa utii na utumishi kwa aliyempa. Basi mtoto aliyekulia katika masimulizi hayo hatatosheka na kuona ng'ombe na kibuyu. Atauliza: ng'ombe ni wa nani? Anayekamua ndiye mwenyewe, au amekabidhiwa? Na wananchi katika mfano huu ni nani: ni ng'ombe, ni wachungaji, au ni wanywaji? Azimio halikulijibu swali hili, na wala halikulikusudia. Lakini udhaifu wa mfano umo hapo hapo. Ng'ombe hutoa, na ng'ombe hasemi. Mfano huu unaeleza kwa nini kodi haina budi kutolewa. Haumwelezi mtoto kwa nini mtoaji ana haki ya kunena.

Upande wa pili wa mizani upo mfano mwingine, ambao haukuandikwa na serikali yoyote. Ni kisa cha Simba na Sungura, kilichomo katika Kalila na Dimna, nacho kimesimuliwa kwa lugha nyingi. Wanyama wamechoka kuwindwa. Wanapatana na Simba kwamba watampelekea mmoja wao kila siku, naye akae kwa amani. Zamu ya Sungura inafika, anachelewa makusudi, anamwambia Simba kuwa amezuiwa njiani na simba mwingine, anampeleka kisimani, na Simba anakirukia kivuli chake mwenyewe. Kisa hiki kwa hakika ni somo la kodi. Mna mapatano, mna zamu, mna kiasi kinachojulikana, na mna faida, maana amani ilipatikana kweli. Mtoto huona kwamba hata mapatano ya haki kwa hesabu huweza kuwa dhuluma kwa asili, ikiwa kinachotolewa ni uhai na kinachopatikana ni kuachwa tu mpaka zamu ifike.

Uzuri wa kisa hiki ndio hatari yake. Kinamfundisha mtoto kwamba mbele ya mtozaji jibu la mwenye akili ni hila. Hilo lilikuwa kweli kwa manamba, na lilikuwa kweli pia machoni pa wengi katika miaka ya 1980 na 1990, siku za kodi ya maendeleo, ambapo katika vijiji vingi vya Tanzania wanaume waliukimbia mgambo wakalala porini. Mtoto aliyemwona baba yake akirudi alfajiri na umande miguuni hakuwa na haja ya kusimuliwa habari za Sungura. Alikuwa naye nyumbani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Lakini kisa kinanyamaza hapo hapo panapohitaji kusema. Simba amekwisha kufa kisimani. Kesho yake wanyama walifanya nini? Nani alichimba kisima kingine, na kwa nguvu za nani? Fasihi yetu ya simulizi ni tajiri kwa habari za kumwangusha mla watu, na ni maskini kwa habari za siku ya pili.

Kitabu kilichokaribia siku hiyo ya pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Yafaa ikumbukwe kwamba mwandishi huyo alikuwa mtumishi wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Ushuru wa serikali ulipita mikononi mwake kila siku kwa muda wa miaka 18. Mtu angalitazamia kwamba atakapobuni nchi yake ya angani ataijaza mizani na madaftari. Hakufanya hivyo. Jambo lililotangulizwa mbele katika Kusadikika ni baraza. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Naye, siku baada ya siku, anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na mashauri mema ya nchi, wakalipwa kifungo. Majina ya watu ni maana zao, ambalo ni jambo jema kwa msomaji mdogo: Majivuno ana majivuno, na hapana haja ya maelezo zaidi.

Wako waliokitia kitabu hicho kosa kwamba mahubiri yake ni mengi na watu wake ni maneno yaliyovikwa kanzu. Kosa hilo lina ukweli ndani yake. Lakini kwa haja ya mtoto, Kusadikika kina fadhila isiyopatikana katika ng'ombe wala katika Sungura: kinaonyesha kwamba taifa hupotewa na mali kubwa kila linapomfunga mtu aliyerudi na habari. Wajumbe wale waligharimiwa na nchi. Shauri walilolileta ndilo faida ya gharama hiyo. Na baraza likaitupa. Hiyo ni hesabu ya hasara ingawa haikuandikwa kwa shilingi. Tena mwisho wake hauji kwa hila ya kisimani. Huja kwa kusikilizwa. Mfalme anasikia, na waliofungwa wanafunguliwa. Upungufu wake ni kwamba yote hayo yamebaki katika hiari ya mfalme. Siku mfalme atakapoamka na masikio mazito, Kusadikika haina njia nyingine.

Vitabu vya shule navyo havikosi nafasi katika uhakiki huu, kwa kuwa ndivyo vinavyowafikia watoto wengi kuliko vyote. Somo lililoitwa Siasa, lililofundishwa baada ya Azimio, lilikuja kuitwa Uraia katika miaka ya 1990, wakati wa kuingia mfumo wa vyama vingi. Mtindo wa kawaida wa maelezo ya kodi katika masomo ya namna hiyo ni orodha: kodi hujenga shule, kodi hujenga hospitali, kodi hutengeneza barabara, kodi huwalipa walimu na askari. Orodha hii si uongo. Kosa lake ni la kifasihi kabla halijawa la kisiasa: sentensi zake zimemtoa mtu. Kodi, ambayo ni fedha isiyo na mikono, imefanywa kuwa mtenda. Inajenga, inatengeneza, inalipa. Hayupo aliyeamua shule ijengwe huku na isijengwe kule. Na mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu hakuleta mchango, zamani kabla ya serikali kuanza utaratibu wa elimu bila malipo mwaka 2016, angaliuliza swali lililo wazi: ikiwa kodi imejenga shule, mchango wajenga nini?

Katika Kasulu na Kibondo orodha hiyo ina mtihani mwingine ulio mkali zaidi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa wakimbizi wa Kongo, na tangu mwaka 2015 ikawapokea Warundi pia; Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka huo huo. Ndani ya kambi mna shule, mna zahanati, mna visima, mna mgao wa chakula. Mtoto wa kijijini aliye jirani na kambi akipima serikali kwa orodha ya huduma peke yake, ataona kwamba mkimbizi ana serikali njema kuliko yake, naye hatoi kodi. Mwalimu atamjibu nini? Hana jibu isipokuwa aiache orodha. Kwa maana mgao ukipunguzwa, mkimbizi hana diwani wa kumwita wala kura ya kumnyima mtu. Apewacho chaweza kuwa kingi au kidogo, lakini si chake kwa namna ambayo kisima cha kijiji ni cha kijiji. Raia hatofautiani na mkimbizi kwa kupewa zaidi. Hutofautiana naye kwa kuwa na mtu wa kumwuliza, na kwa mtu huyo kulazimika kujibu. Hilo ndilo pengo lililo katika ng'ombe, katika Sungura, na katika orodha ya shule. Na Kusadikika imeliona nusu.

Basi maelezo yaliyo kamili yangekuwaje? Mfano upo tayari, tena ni wa hapo hapo, maana Kasulu ni nchi ya maharage. Mtoto na ahesabu maharage 100 juu ya mkeka. Mpaka mwaka 2017, ushuru wa mazao wa halmashauri uliweza kufika 5 katika 100. Mwaka huo ukapunguzwa, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mtoto atenge punje 5, kisha arudishe 3. Aambiwe pia ukweli kwamba sheria humtoza mnunuzi, lakini mkulima huuona ushuru huo ndani ya bei. Mpaka hapo amejifunza kodi, nayo ni hesabu tu. Ndipo aachwe aulize swali lake mwenyewe, ambalo hapana mtoto atakayelikosa: nani alisema ziwe mbili? Jibu la swali hilo ndilo siasa. Bungeni yuko mtu aliyenyoosha mkono, na mtu huyo alitumwa kutoka kilima fulani, na waliomtuma wanaweza kumwita arudi awaeleze. Na liko swali la pili: zile punje mbili zimekwenda wapi? Jibu lake linapaswa kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kupelekwa kwa miguu akaone.

Hapana gwiji anayehitajika ili kuandika kisa kama hicho, na wala hapana haja ya simba wala ya nchi ya angani. Panahitajika mwandishi asiyemwogopa msomaji mdogo. Maandishi yetu ya siasa yamezoea kumweleza mtoto wajibu wake kabla ya kumweleza haki yake, kwa dhana kwamba haki itaeleweka akikua. Historia ya kilima kile yaonyesha kinyume: aliyekulia katika kodi isiyo na jibu hukua na hila ya Sungura, na hila hiyo haimwachi hata siku Simba asipokuwapo. Karani wa forodha aliyeandika Kusadikika alilijua jambo hilo mapema, akaweka baraza mbele ya daftari. Aliyeliacha bila kulikamilisha amewaachia waandishi wa leo kazi ya wazi: kuandika habari za baraza ambalo masikio yake hayamo katika hiari ya mfalme, kwa lugha ambayo mtoto wa Kibondo aweza kuisoma mwenyewe, kisha akamgeukia baba yake na kumwuliza.